Barua kwa mdogo wangu aliyehamia Texas, kuhusu maneno aliyoyasema katika ukumbi wa kanisa

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto. Nimesikia kwamba mmepata nyumba nzuri huko Dallas na kwamba kijana wako wa kwanza ameanza shule ya upili. Nilifurahi kweli, ila niliumia kuwa habari hizo zilinifikia kupitia Nyamira, ilhali nambari yangu unayo na yako ninayo. Ningekuandikia kwa faragha kama jambo lenyewe lingebaki la faragha. Lakini uliyoyasema juu yangu uliyasema kwa kipaza sauti mbele ya ukumbi uliojaa watu, na mwezi uliopita ukayarudia katika ujumbe wa sauti ulioutuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ambao kufikia sasa umesikilizwa Nairobi, Doha na Leeds. Kwa hiyo nami nitajibu hadharani, na wanaosoma wasiotufahamu watuwie radhi.

Unasema kwamba nimewaacha watu wangu nikawa mtumishi wa wageni. Kwamba Jumamosi zangu nawapa Wazungu wa Minnesota, nikiwapangia mikebe ya maharagwe na kuwapakilia mchele watu nisiowajua, wakati ukoo wangu una mahitaji. Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu yanatoka kwako, na wewe ndiye niliyembeba mgongoni kuvuka ule mto siku ile unayoijua.

Nikuulize kwanza kuhusu hao wageni. Ulipotua hapa Minnesota mwezi wa Januari ukiwa na sweta moja, lile koti la buluu lililokufikisha Aprili lilitoka katika kabati la kanisa ninalokwenda, lile lile ambalo ukumbini mwake uliyasema maneno hayo, na aliyelichagua kwa kukisia urefu wako kutoka kwenye picha niliyomwonyesha ni mmoja wa wanawake wa jikoni ya kanisa uliowasema vibaya. Vuli ya mwaka ule tulialikwa St. Paul kwenye booya, ile karamu ya mchuzi, na najua hujaisahau, kwa maana uliisimulia nyumbani kwa simu hadi Mama mdogo akakuambia upumzike. Wasiowahi kuiona hawawezi kuelewa kwa nini uliipenda. Makanisa na vikosi vya zimamoto vya mji ule, majani yanapoanza kupukutika, huinjika masufuria makubwa usiku, wakatia nyama ya ng'ombe, mikia, kuku, kabeji, karoti na viazi, wakakesha wakikoroga kwa zamu, kwa miiko mirefu kama makasia, mpaka nyama iachane na mifupa na mchuzi ushikane. Kukipambazuka watu huja na vyombo vyao kutoka majumbani, wakanunua wa kula pale na wa kubeba, na fedha zikaenda kwenye shughuli ya hisani iliyokusudiwa. Wewe ulikoroga kuanzia saa sita za usiku. Mzee uliyeshirikiana naye sufuria moja alikuuliza mnapikaje kwenye harusi kwenu, ukamweleza kila kitu, kuanzia mafiga hadi namna ya kuwazuia vijana wasiibe nyama, naye akacheka mpaka akaketi. Asubuhi ukaniambia, «Dada, hawa ni watu kama sisi.» Maneno hayo ni yako, si yangu.

Tena mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis tarehe 25 Mei na maduka mengi ya Lake Street kuchomwa au kufungwa, Shule ya Sanford iliomba mifuko 85 ya chakula kwa ajili ya familia za wanafunzi wake. Ni wewe uliyeendesha gari siku ile. Tulibeba unga, mafuta na nepi, tukakuta foleni ya magari imepita mitaa na mitaa, kila mmoja ameleta zaidi ya alichoombwa, na mifuko imefunika uwanja kwa maelfu. Ulisimama ukatazama, ukasema kwamba hii ndiyo harambee na kwamba hukujua Wamarekani wanaijua. Sijui ni nini kilichobadilika kati ya siku ile na ule usiku wa Februari, na ninakuuliza nikitaka jibu.

Ule usiku ndio uliotutenganisha, basi nitausema kama ulivyokuwa. Mama mdogo alikuwa amelala katika chumba cha maiti na kamati ilikuwa ikihesabu kilichopungua ili mwili usafirishwe Nairobi. Wewe wajua gharama za kusafirisha mwili kutoka nchi hii, na wajua kwamba kumbi zote tulizoziulizia Brooklyn Park zilitaka fedha ambazo hatukuwa nazo. Kanisa lilitupa ukumbi bila malipo. Wanawake wa jikoni, wote wamepita umri wa miaka sitini, walikuja kupitia theluji wakachemsha kahawa, wakapanga sandwichi za nyama ya nguruwe, kisha wakasimama nyuma ya lile dirisha la jikoni wakisubiri kuosha vikombe, kwa sababu hawakutaka tufiwe na pia tuoshe vyombo.

Hapo ndipo ulipoinuka. Ulisema, kwa Kiswahili chako kizuri ambacho Baba alikuwa akijivunia, kwamba dada yako anajua sana kupakia mchele wa watu wa mbali huku damu yake imelazwa kwenye jokofu ikitafutiwa nauli. Hilo ningelimeza. Msiba huwatoa watu maneno, nami nilikuwa nimeyasikia mengine wiki ile. Lakini uligeuka ukawanyoshea mkono wanawake wa jikoni, ukasema kwamba wanaotupa kahawa hawatupendi, wanapenda picha za kupiga na Waafrika wenye shida, na kwamba siku tukikosa shida hawatatujua. Ukumbi ulinyamaza. Wao, kwa kuwa waliona umewanyoshea mkono na hawakuelewa neno, walidhani unawataja kwa wema, wakakutabasamia. Mmoja akakupungia mkono.

Kisha mmoja wao akamwinamia binti yangu, aliyekuwa amesimama pale akisaidia kukausha vikombe, akamuuliza mjomba amesema nini. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alizaliwa Minnesota, lakini Kiswahili nilimfundisha mwenyewe, na wewe ulinisaidia kumfundisha kwa hadithi zako za Sungura. Alielewa kila neno. Akamwambia yule bibi, «Anawashukuru.»

Ndugu yangu, nimekusamehe mambo mengi, na ile habari ya ng'ombe wa Baba nilikusamehe kabla hujaniomba. Hili la kumlazimisha mtoto aseme uongo ili kuifunika aibu ya mtu mzima, hilo halijanitoka. Kila ninapomwona akiandaa meza pale kanisani, nakumbuka jinsi alivyonitazama baada ya kusema lile neno, akitaka kujua kama amefanya vibaya.

Ulitangaza ahadi ya dola 1,000, watu wakapiga makofi, ukatoka kabla ya michango kusomwa. Laiti ungengoja. Mweka hazina alisoma majina, kisha akafika kwenye mstari ulioandikwa «Jikoni, dola 340», akasita kidogo kabla ya kuendelea. Wanawake wale walikuwa wameweka kikapu chao wenyewe bila kuambiwa na mtu. Ama ahadi yako, kamati ilipofunga hesabu ilikuwa bado haijafika, na mweka hazina alinipigia mimi kwa sababu ndiye dada yako. Niliilipa kwa zamu za usiku za ziada katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka ule ugomvi uzikwe pamoja na Mama mdogo. Nakwambia sasa kwa kuwa umeufukua.

Unadhani ninaowapangia mikebe ni akina nani? Hili sipendi kulisema, na nitalisema bila kumtaja mtu yeyote. Katika foleni ya ghala letu dogo la chakula wamo wazee Wazungu wanaoishi peke yao, wamo Wahmong na Waliberia, na wamo Wakenya. Wamo watu wetu wanaofanya kazi mbili, ambao kodi ya nyumba ikipanda huchagua kati ya karo ya mdogo wao aliyeko Kisii na friji yao ya hapa, na huchagua karo. Wakiniona huinamisha macho mara ya kwanza, kwa hiyo mimi huwasalimu kwa sauti kama tumekutana sokoni. Mmoja wao alikuwa ameketi meza ya mbele usiku ule, na alichanga, wakati wewe ukilaani mikebe iliyomlisha.

Ama huo mchele: naam, mimi huenda kuupakia katika kituo cha Feed My Starving Children, shirika lililoanzishwa hapa Minnesota mwaka 1987. Tunavaa vifuniko vya nywele, tunasimama kuzunguka meza, mmoja anatia vitamini, mwingine mboga kavu, mwingine soya, mwingine mchele, mwingine anapima uzito na kufunga. Mfuko mmoja hutoa milo sita. Makasha huenda nchi nyingi, Haiti ikiwa mojawapo, na ni kweli kwamba mlaji simjui. Lakini nikumbushe shule tuliyosoma sote wawili. Ilikuwa ya harambee, kama zilivyokuwa shule nyingi baada ya Mzee Jomo Kenyatta kuwahimiza Wakenya mwaka 1963 wavute pamoja. Baba alituonyesha ukuta uliojengwa kwa mawe yaliyobebwa na watu wa ng'ambo ya mto, ambao watoto wao hawakusoma pale hata mmoja. Hawakutujua, tulikuwa hatujazaliwa. Ukisema kwamba harambee ni ya damu tu, unaubomoa ukuta ambao ulikuegemeza ukijifunza kusoma.

Na Mama mdogo, unayemtumia kunihukumu, ndiye aliyependa jimbo hili kutuzidi sote. Nilimpeleka kwenye Maonyesho ya Jimbo mwezi wa Agosti, akapita kwenye nguruwe wa mashindano na kelele zote bila kushtuka, mpaka alipofika kwenye kibanda cha vioo kinachozunguka, chenye baridi, ambamo wasichana wanaotoka familia za wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huketi wamevaa makoti huku sanamu za vichwa vyao zikichongwa, kila moja katika bonge la siagi lenye uzito wa karibu kilo 40. Alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote na hakuwahi kuona mtu akimheshimu mfugaji hivyo. Alikataa kuondoka. Aliniambia kwamba watu wanaomtukuza binti wa mfugaji kwa siagi hawawezi kuwa wageni kwake. Kama ungewahi kuja siku ile, badala ya kusema una kazi, ungemsikia mwenyewe.

Sasa nikushauri kama dada, nawe una hiari. Huko uliko usiishi kama msafiri anayengojea basi. Watoto wako wataitwa watu wa Texas upende usipende, kama binti yangu anavyoitwa mtu wa Minnesota, na Novemba 2024 mwanamke aliyezaliwa Kenya, Huldah Hiltsley, alichaguliwa hapa kuingia Bunge la Wawakilishi la jimbo kutoka eneo hili letu la Brooklyn Park. Kura za Wakenya peke yao zisingetosha. Ule usiku wa majirani, tunaoufanya Jumanne ya kwanza ya Agosti kwa kufunga barabara na kula pamoja mtaani, huko Texas miji mingi huufanya Jumanne ya kwanza ya Oktoba kwa sababu ya joto. Toka nje siku hiyo. Beba chapati. Jifunze majina ya watu wa nyumba mbili za kulia na mbili za kushoto, maana siku ukizidiwa usiku watakaofika kabla yangu ni wao. Mimi sikuanza kwenda kanisani pale kwa kutafuta sifa za Wazungu. Nilianza kwa kuwa nilikuwa na mtoto mchanga, theluji imefika madirishani, na jirani akaja na koleo bila kuitwa. Wakati huo huo karo za wadogo zetu sikuacha kuzilipa, tangi la maji la shule ya msingi nilichangia, na dawa za Mama mdogo nilizinunua hadi mwisho. Hakuna mchango wa nyumbani uliowahi kupungua kwa sababu ya mikebe ya maharagwe, na yeyote mwenye hesabu tofauti aniletee.

Fedha zile sizidai. Wala sikutaki uombe radhi kwenye kikundi cha ukoo, kwa maana wengi waliokusikiliza pale watakusikiliza vile vile ukisema kinyume chake. Nataka mambo mawili. Waandikie wanawake wa jikoni kwa mkono wako, kwa Kiingereza, uwashukuru kwa ukumbi na kwa dola 340; kanisa lipo pale pale na anwani yake unaijua. Kisha mpigie simu binti yangu umwambie kwamba umewaandikia, ili lile neno alilolisema kwa niaba yako liwe kweli. Huwa nyumbani kuanzia saa moja jioni, isipokuwa Jumatano, ambapo ana mazoezi ya kuogelea.

Wako,
Dada yako
Brooklyn Park, Minnesota