Ndizi ya ukutani

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, wasiwasi ni kwako tu. Umeniomba habari, na mimi siku hizi sina habari ila ya ndizi.

Unaikumbuka ile ya msanii Mwitaliano, Maurizio Cattelan, iliyobandikwa ukutani kwa selotepu pana ya kijivu ikaitwa sanaa? Novemba 2024 iliuzwa New York, kwenye mnada wa Sotheby's, kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi, Justin Sun, tajiri wa sarafu za kidijitali, alichopata hasa ni hati na maelekezo ya kubandika nyingine ikioza. Siku chache baadaye akaimenya mbele ya waandishi wa habari kule Hong Kong, akaila, akasema ni tamu kuliko ndizi nyingine. Mwenzangu, kwa bei ile nani angekiri kwamba haikuiva?

Mimi moyo wangu uko kwa waliokula bure. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja aliibandua kwenye makumbusho mjini Seoul, akala, kisha akalirudisha ganda ukutani na selotepu yake. Kisa? Hakula kitu asubuhi, njaa inamuuma. Katika mkasa mzima huyu ndiye aliyeitumia ndizi kwa kazi ya ndizi, na ndiye aliyeonekana kituko! Julai 2025 mgeni mwingine akaila huko Metz, Ufaransa. Cattelan akasikitika kwamba jamaa hakumaliza na ganda na selotepu.

Halafu kuna muuza matunda. Ndizi ya mnada ilitoka kwake siku ile ile, senti 35. Alipoambiwa bei iliyofikia, mzee wa watu alilia. Sun akaahidi kununua kwake ndizi 100,000. Kumbe biashara si yake, yeye kibarua wa kulipwa kwa saa! Faida kwa bosi, kwake maumivu ya mgongo. Hapo, shoga, nilicheka kisha nikajionea haya.

Sasa hata kumenya ndizi kumenishinda. Jana nimeshika moja, ina madoa mawili meusi karibu na kikonyo, nikaisogeza ukutani kuipima, juu kidogo, chini kidogo. Mume wangu akapita, akainyakua, akaimaliza kwa matonge matatu, ganda akaniachia mkononi.

Basi, ile selotepu yangu uliyoazima mwaka jana, naomba uirudishe.

Wako,
shoga yako