Nyimbo za haki zisikike maneno

Mhariri,

Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, sababu mojawapo kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo ndipo wimbo una kazi: kupeleka habari kabla ya kikao cha maoni ya wananchi, si kuomboleza baadaye. Mshororo wa mizani (silabi) 16, nane kwa nane, hushikika upesi. Kibwagizo kitaje siku, mahali na dai moja tu. Madai matano hayaimbiki. Zumari isipulizwe juu ya maneno (tamu, lakini humeza sauti), na maikrofoni isielekezwe kwenye spika, itapiga mluzi. Vugo, ngoma ya kina mama ya pembe zinazogongwa kwa vijiti tu, hufika vichochoroni bila stima.

Mpenda ngoma,
Langoni, Lamu