Shampeni ya harusi: mnalipia ardhi, si mapovu

Mhariri,

Kamati za harusi zinalalamika kwamba bei ya shampeni imepaa, na kila moja inaomba punguzo. Muuzaji hana nafasi kubwa ya kupunguza. Bei inaanzia shambani, Ufaransa.

Jina Champagne ni la eneo moja tu la kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, lenye takriban hekta 34,000 za mizabibu. Ardhi haiongezeki, wanaoitaka wanaongezeka. Kilo ya zabibu huko inauzwa zaidi ya euro 6, na chupa moja huhitaji kilo 1.2 hivi. Kwa hiyo kabla ya kulipia chupa, kizibo, vibarua, meli na ushuru, zabibu peke yake zimeshavuka euro 7. Burgundy, mkoa mwingine wa mvinyo wa Ufaransa, hali ni ngumu zaidi: shamba la Romanée-Conti halifiki hata hekta 2, na jalidi ya Aprili 2021 iliunguza machipukizi sehemu kubwa ya mkoa.

Mapovu yenyewe hayajali jina. Mvinyo wa kawaida hutiwa hamira na sukari kidogo, chupa ikafungwa, ukachachuka mara ya pili humo humo. Gesi ikikosa pa kutokea huyeyuka ndani ya mvinyo, mpaka shinikizo likafika karibu mara 6 ya hewa tunayovuta. Kisha chupa hulazwa mvinyo ukikaa juu ya mashapo ya hamira, na hapo ndipo unapopata ile harufu ya mkate uliotoka tanuri. Kanuni za Champagne zinadai angalau miezi 12 juu ya mashapo, na 15 kwa jumla kabla ya kuuzwa. Cap Classique ya Afrika Kusini hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na nayo inadaiwa miezi 12. Crémant, mvinyo wa mapovu wa Ufaransa nje ya Champagne, na Cava ya Hispania ni miezi 9. Crémant de Bourgogne, yaani ya Burgundy, hutumia Chardonnay na Pinot Noir, zabibu zile zile za Champagne. Kwa maoni yetu, Cap Classique ndiyo inayofaa zaidi kwa ukumbi wa huku: safari yake hadi huku ni fupi, na bei kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya ile ya Champagne. Prosecco ya Italia huchachushwa kwenye tangi kubwa. Ni nyepesi, ina ladha ya matunda, na gharama za kuitengeneza ni ndogo. Msikubali kuuziwa kwa bei ya Crémant.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye lebo. Watu huchagua Brut kwa sababu wamelizoea neno, kisha wanainywa na keki. Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Ikikutana na keki tamu, mdomoni inageuka ndimu. Kwa keki tafuteni Demi-Sec, yenye gramu 32 hadi 50. Na Extra Dry, licha ya jina lake, ni tamu kuliko Brut: gramu 12 hadi 17.

Hesabu ya kugonganisha glasi si ngumu. Mililita 100 kwa mtu zinatosha, hivyo chupa ya mililita 750 inatoa glasi 7. Wageni 150 ni chupa 22; nunueni 24, yaani katoni 4 za chupa sita sita.

Joto ndilo linaloharibu kuliko yote, hasa Pwani. Chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye dirisha la duka linalopigwa jua imeshakufa, hata iwe ya bei gani. Kagueni shingo: utando unaonata chini ya karatasi ya mfuniko ni dalili kwamba mvinyo umevuja. Chupa nyeupe zisizo na rangi huharibiwa hata na taa za dukani. Siku yenyewe, wekeni chupa kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji kwa nusu saa au zaidi kidogo. Barafu tupu hupoza polepole kwa sababu haigusi chupa yote. Friza haifai, maana ikisahauliwa chupa hupasuka. Ikifunguliwa ikiwa na joto, nusu inamwagika sakafuni.

Kwa mvinyo wa mezani, Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, na huko kuna zabibu za Chenin Blanc na Syrah. Mavuno ya kiangazi ndiyo ya kuulizia, kwa kuwa mvua huleta ukungu kwenye vichala. Anayetaka wa Ufaransa aache Burgundy, ashuke kusini kidogo hadi Morgon au Fleurie, vijiji vya eneo la mvinyo la Beaujolais.

Jambo la mwisho ni la mapatano. Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye duka kama anapokea chupa zitakazobaki. Wengi hukubali, lakini chupa iliyokwisha loweshwa kwenye barafu lebo yake hubanduka na hairudishiki. Kwa hiyo pozeni katoni 3 kwanza, ya nne ibaki kavu kivulini hadi ihitajike.

Wauzaji wa mvinyo,
Dar es Salaam