Mjomba, Hata Kraków Kuna Ngoma

Mjomba, shikamoo.

Siku uliyonisindikiza stendi uliniambia huku Poland nitaona makanisa na theluji, ila ngoma ndiyo basi tena. Neno hilo nilikaa nalo moyoni mpaka Alhamisi iliyopita, hapa Kraków, niliposikia mdundo mtaa wa pili na miguu ikanitangulia.

Anaitwa Lajkonik. Ni mtu mwenye ndevu nyeusi na kofia iliyochongoka ya Watatari, wale wapiganaji wapanda farasi wa zamani kutoka mashariki; kiunoni kavaa farasi wa mbao aliyefunikwa kitambaa cha nakshi hadi chini, basi akicheza yeye unaona anacheza farasi. Kila mwaka, juma moja baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, hutoka Zwierzyniec, kando ya mto Wisła, na kundi lake mpaka uwanja mkubwa wa soko, Rynek Główny. Vazi lake alilibuni msanii Stanisław Wyspiański mwaka 1904. Lina karibu kilo 40. Mjomba, kilo 40! Na mtu mwenyewe hatembei: anaruka, anazunguka, anakimbilia watu, saa baada ya saa.

Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1287 Watatari waliuvizia mji, wasafirisha magogo wa Zwierzyniec wakawawahi, kisha kiongozi wao akavaa nguo za mkuu wa adui na kuingia nazo mjini kwa shangwe. Leo watoto wanamkimbilia mtu aliyevaa sura ya adui wa babu zao, wanagombania aguse vichwa vyao. Hilo limenigusa sana.

Wanagombania maana Lajkonik ana rungu la rangi ya dhahabu, na ukiguswa nalo umepata bahati. Njiani anadai kodi madukani, na uwanjani meya mwenyewe humlipa, kisha wanainua vikombe vya divai kuutakia mji heri.

Bibi mmoja mbele yangu alimsogeza mjukuu wake, halafu na yeye akainamisha kichwa. Mimi rungu lilinipata begani, tena kwa nguvu. Kwa karibu nilimwona jasho likimchuruzika chini ya kofia, na macho yake ni yale yale ya kwako usiku wa arusi ukishashika msondo.

Nimerekodi dakika nne, nimetuma kwenye simu ya mama. Sikiliza pale anapozunguka na ngoma inapokaza, uniambie wewe ungeipokea vipi.