Tumefungwa, lakini si gerezani

Edmonton, 6 Julai 2024

Kwa ndugu yangu Mwalimu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, na wote wa hapa kwangu ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Salamu hizi nimezifupisha kuliko desturi yetu, kwa sababu naarifiwa kwamba pale Ngamiani bado wapo watu wanaoamini kuwa niko mahabusu, na wengine wamekwisha kutoa fedha zao za kuniwekea dhamana.

Kosa ni langu. Alfajiri ya tarehe 25 Juni kwenu, ambayo huku ilikuwa bado jioni ya tarehe 24, nilikuandikia maneno matatu tu: «Tumefungwa. Usimwambie mama.» Kisha nikaizima simu, maana sikutaka kusikia sauti ya mwanadamu yeyote, na nilipoiwasha kesho yake mchana nikakuta umenipigia mara kumi na tisa. Kwa Kiswahili chetu timu ikizidiwa mabao imefungwa, na mtu akitiwa jela amefungwa. Jambo hilo nalijua tangu utotoni, na wewe ndiye unayelifundisha darasani, lakini saa ile akili yangu haikuwa na nafasi ya maana mbili. Nimesikia kuwa shemeji alilia, na kwamba Mzee Kombo alitafuta wakili akampata mmoja wa kesi za mashamba kule Korogwe, ambaye alikubali kulishughulikia suala la Kanada bila kusita hata kidogo. Ningecheka, lakini nimekatazwa na aibu.

Timu iliyofungwa ni Edmonton Oilers, ya mpira wa magongo wa barafuni, nayo ilifungwa mabao 2 kwa 1 na Florida Panthers katika mechi ya saba ya fainali ya Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe kuu la mchezo huo huku. Jina lao linatokana na mafuta, kwa maana jimbo hili la Alberta linakula kwa mafuta kama Tanga ilivyokuwa ikila kwa mkonge. Katika ujumbe wako wa sauti umeniuliza, kwa hasira ninayoistahili, mtu aliyekulia Mkwakwani anatafuta nini kwenye barafu. Aliyenitia humo ni mzee mmoja ninayemhudumia zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, ambaye halali mpaka mechi iishe, na kazi yangu mimi ni kukaa naye mpaka alale. Ndiye aliyenieleza kwamba kati ya 1984 na 1990 timu hii ilitwaa kombe mara tano, na kwamba kipa wa sehemu kubwa ya miaka hiyo, Grant Fuhr, alikuwa mtu Mweusi aliyezaliwa Spruce Grove, mji mdogo ulio jirani na hapa. Moja ya makombe hayo ni la 1988. Mwaka huohuo, kama unavyokumbuka vizuri kuliko mimi, Coastal Union walitwaa ubingwa wa ligi yetu, na wewe ulipoteza kiatu kimoja barabarani kwa kushangilia. Nilipoupata mwaka huo sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Sasa nikusimulie msimu wenyewe, kwa sababu bila hayo huwezi kunisamehe. Ulianza Oktoba kwa fedheha. Watu walikuwa wamewatabiria kombe, nao katika mechi 12 za mwanzo wakashinda 2, mojawapo ikiwa dhidi ya jirani zetu wa Calgary, iliyochezwa nje, chini ya anga, katika uwanja wa wazi. Tarehe 9 Novemba walikwenda California wakafungwa 3 kwa 2 na San Jose Sharks, timu iliyokuwa ikiburura mkia wa ligi nzima, na mzee wangu akageuzia uso ukutani mapema kuliko nilivyowahi kumwona. Siku tatu baadaye kocha Jay Woodcroft alifukuzwa, naye alikuwa ametoka kushinda jana yake tu kule Seattle, jambo ambalo hata viongozi wa timu zetu, kwa ubunifu wao wote, naona bado hawajalizoea. Akaletwa Kris Knoblauch, aliyewahi kumfundisha nahodha wetu Connor McDavid alipokuwa kijana katika timu ya Erie, na watu wakanong'ona kwamba nahodha ameletewa mjomba wake.

Mjomba au si mjomba, mambo yaligeuka. Kuanzia tarehe 21 Desemba hadi 27 Januari timu hii haikupoteza mechi hata moja. Walishinda 16 mfululizo, moja pungufu ya rekodi ya Pittsburgh Penguins ya mwaka 1993. Unakumbuka nilipokwambia kwamba katikati ya Januari baridi ilipita nyuzi 40 chini ya sifuri, ukaniuliza kwa nini sauti yangu ina furaha? Sababu ni hiyo, nami nikakudanganya kwamba nimeongezewa mshahara. Rekodi yenyewe haikufikiwa, kwani tarehe 6 Februari walifungwa 3 kwa 1 kule Las Vegas. Msimu wa kawaida ulipokwisha walikuwa na pointi 104, Zach Hyman akiwa na mabao 54, na McDavid akiwa ametoa pasi za mabao 100, idadi ambayo kabla yake ilifikiwa na watu watatu tu: Gretzky, Orr na Lemieux.

Mtoano wa huku si mechi moja ya kufa na kupona. Timu mbili hukutana na kukutana tena mpaka mojawapo ishinde mara nne, kwa hiyo uchungu hugawanywa kwa mafungu, kama deni la dukani kwa Mpemba wetu. Los Angeles tuliwamaliza katika mechi tano. Vancouver walitupeleka hadi ya saba, na katikati yake kipa wetu Stuart Skinner, mtoto wa mji huuhuu, aliwekwa benchi mechi mbili kisha akarudishwa, akatuvusha. Dallas tuliwatoa katika mechi ya sita ambayo wao walipiga langoni kwetu mara 35 nasi tukapiga kwao mara 10, tukashinda 2 kwa 1. Mzee alisema huo ni wizi, akacheka mpaka nikampa maji. Nikuongezee na hili, kwa sababu linahusiana na kesi yangu: katika mchezo huu mchezaji akicheza rafu hutiwa ndani ya kizimba chenye mlango, akakaa humo dakika mbili akiwatazama wenzake wakiteseka wakiwa pungufu. Kwa hiyo kufungwa kwa maana ile uliyoielewa wewe kupo pia, ila hakuhitaji wakili wa Korogwe.

Ndipo ikaja fainali, na hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Oilers walipoteza mechi tatu za kwanza: 3 kwa 0, 4 kwa 1, 4 kwa 3. Usiku wa ile ya tatu nilikuwa mtulivu kabisa. Nilimfunika mzee blanketi, nikajaza daftari la zamu, nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha kuzika. Lau wangefungwa ya nne, wewe usingepata ujumbe wowote kutoka kwangu, na Mzee Kombo angebaki na fedha yake. Lakini kesho yake mzee aliniangalia bila salamu akasema namba moja tu: 1942. Alikuwa na maana ya Toronto Maple Leafs, ambao mwaka huo walitanguliwa mechi tatu kwa bila katika fainali kisha wakashinda nne zilizobaki, na tangu hapo hakuna timu iliyofanya hivyo katika fainali ya kombe hili. Nilimwambia asijitie presha. Yeye ndiye aliyepaswa kuniambia mimi.

Mechi ya nne walishinda 8 kwa 1. Ya tano wakaenda kushinda hukohuko kwa wenyewe, 5 kwa 3. Ya sita, hapa mjini, 5 kwa 1. Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nina mvi, nimepanga foleni za mchele na sabuni, nimezika, nimehama. Sikutarajia kwamba ningesimama barabarani saa nne ya usiku, jua likiwa ndio kwanza linatua kwa vile ni Juni na huku ni kaskazini, nikiwa nimeshikana mikono na Mkongo mmoja na msichana mwenye nywele za rangi ya machungwa, ambao majina yao siyajui mpaka leo. Kesho yake nilimpigia mama nikaweka nadhiri: kombe likija, nitachinja mbuzi. Mama, ambaye barafu anayoijua ni ile ya kwenye juisi ya miwa, hakuuliza kombe la nini. Alisema tu kwamba nadhiri haicheleweshwi, na Jumapili mbuzi alikuwa amefungwa mwembeni. Unaona sasa kwa nini nilisema usimwambie.

Mechi ya saba nitaipita haraka. Carter Verhaeghe akatufunga mapema, Mattias Janmark akasawazisha, na katika kipindi cha pili Sam Reinhart akawawekea Florida la pili. Kipindi chote cha mwisho kisahani cheusi, ambacho huku ndicho mpira wenyewe, kilizunguka mbele ya lango la kipa wao Bobrovsky, kikagusa kila kitu isipokuwa wavu. McDavid alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima, kwa pasi za mabao 34 ambazo zilipita 31 za Gretzky za mwaka 1988, ingawa timu yake imeshindwa, na mara ya mwisho mchezaji asiye kipa kupewa tuzo hiyo akiwa upande wa walioshindwa ilikuwa 1976. Walimwita, hakutoka kuja kuichukua. Watu hapa wamebishana kama huo ni utovu wa adabu. Mimi nilimwelewa, na nadhani kuanzia hapo ndipo nilipoichukua simu nikakuandikia.

Nilipotoka nje jua lilikuwa bado liko juu, na hilo naona ndilo lililonivunja zaidi, kwa maana msiba unataka giza. Kituoni palikuwa na baba mmoja amevaa fulana namba 97, ile ya McDavid, akimfuta mtoto wake rangi usoni kwa mate na kidole gumba, polepole, kama mtu asiye na basi la kuwahi. Na kombe lenyewe, la mchezo wa barafu, limekwenda kwenye minazi! Florida kuna joto na unyevu kama wetu wa Machi. Timu ya mwisho ya Kanada kulitwaa ni Montreal Canadiens, mwaka 1993, na nchi hii inajiona ndiyo mwenye mchezo.

Ninarudi palepale, unisamehe. Kilichoniuma si kufungwa. Nimefungwa mara nyingi na Coastal, nawe ulikuwa kando yangu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimekwisha kukubali, nikafufuliwa siku tisa, nikashindwa kurudi nilikokuwa. Mzee naye alinyamaza siku mbili, kisha usiku wa tatu akaanza kuhesabu miezi mpaka Oktoba. Wiki hii amefurahi kidogo, kwa sababu tarehe 1 Julai wamesajili mshambuliaji aitwaye Jeff Skinner, kwa hiyo tutakuwa na Skinner wawili, wala si ndugu, na mzee amekwisha kuapa kwamba atawachanganya kwa makusudi ili anione nikimsahihisha.

Fedha za dhamana tafadhali zirudishwe kwa kila aliyetoa, na kama kuna zilizokwisha kutumika kwa nauli za Korogwe, niandikie jumla nizilete kabla ya mwisho wa mwezi. Na usiwaambie kwamba nilikuwa nikilia kwa ajili ya mchezo. Waambie mtandao ulikuwa mbovu. Ukipita Nairobi kwenye mkutano wenu, waulize vijana wa huko, maana wana timu yao, Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ililetwa Kanada ikacheza pamoja na nyota wa mchezo huu, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Watakuthibitishia kwamba sikupoteza akili peke yangu.

Je, mama amekwisha kujua? Nani alimwambia, na alisema nini? Shemeji ameacha kununa? Coastal nao, waliomaliza wa nne na sasa wanakwenda kucheza Afrika, wamesajili nani, au bado wanasubiri wafadhili? Na yule wakili, kweli alikuwa tayari kuomba viza? Zaidi ya yote nataka kujua habari za mbuzi: yuko hai? Sheikh anasemaje kuhusu nadhiri ambayo sharti lake halikutimia, ninaweza kuihamishia msimu ujao na mnyama yuleyule, au nianze na mwingine? Kama ruhusa ipo, mwambie mama amwache hapo mwembeni na asimwite jina, nami nitaleta gharama za majani mpaka Juni.

Wako,
asiye mahabusu