Barua kwa mwanangu, baba wa mtoto wa miezi 15

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako. Unasema mtoto anasusa chakula, bado anatembea kwa kushika kochi ilhali mwenzake aliyezaliwa wiki ileile anakimbia, na mkeo analia usiku kwa sababu ya maneno ya watu wanaolaumu maziwa yake. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, umsomee na yeye.

Kwanza hili la kula. Mtoto akifikisha mwaka mmoja, uzito wake huwa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, na urefu umeongezeka kwa nusu. Baada ya hapo mwili unapunguza kasi: mwaka wa pili wote huongeza kilo 2 au 3 tu na sentimita 12 hivi. Hamu ya kula nayo inashuka. Leo atamaliza sahani, kesho na keshokutwa atadonoadonoa. Nyinyi mwekeeni chakula bora kwa wakati wake, kiasi aamue mwenyewe. Kumkimbiza na kijiko nyumba nzima kunamfundisha kukichukia chakula. Mkitaka uhakika, tazameni kadi ya kliniki. Kama mstari wake unapanda kwa kufuata ile iliyochorwa, anakua. Na mwambie mkwe wangu maziwa yake hayana kosa lolote. Aendelee kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi, wakipenda wenyewe.

Kuhusu kutembea, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi 5, zikiwemo Ghana, India na Norway. Wapo waliotembea peke yao kabla ya miezi 9, na wapo waliokaribia miezi 18. Wachache hawakutambaa kwa magoti kabisa, wakasimama na kwenda. Kwa hiyo miezi 15 si kuchelewa. Hata hayo matege yanayowatia wasiwasi ni ya kawaida kwa umri huu, na kwa watoto wengi miguu hunyooka baada ya miaka 2.

Lakini ninachotaka ukiangalie zaidi ni kidole chake. Akiona ndege dirishani anakinyoosha, halafu anageuka kukutazama usoni. Yule ndege hamtaki; anataka kujua kama nawe umemwona. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia, kabla neno halijatoka. Ukimjibu, "Eeh, ndege huyo, ameruka!", umempa jina la kitu wakati uleule anapokiwazia, na hakuna somo linaloshinda hilo. Mtoto wa umri huu anaelewa mengi kuliko anayoweza kusema. Mwambie "lete kiatu" uone kama hatakileta. Akikaribia miaka 2 ataanza kuunganisha maneno mawili, "baba njoo", "taka maji", na kuanzia hapo hatanyamaza. Simu na televisheni haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa hazimtazami wala hazimjibu. Kabla ya miaka 2, simu za video za kuzungumza na ndugu walio mbali zinatosha.

Hasira nazo zinakuja, jiandae. Atajitupa chini kwa sababu ya kikombe. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomsaidia mtu kujizuia, huchelewa sana kukomaa. Hata kijana wa miaka 20 bado haijamkamilikia. Mtoto huyu ana matakwa ya mtu mzima na maneno machache mno ya kuyasemea, ndiyo maana analipuka. Kaa karibu naye, ongea kwa sauti ya chini, usibadilishe ulichokataa. Kumchapa kunamwongezea hofu tu, na kujituliza hakufundishwi kwa hofu.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaki utulivu wangu ukufanye uzembee. Akifika miezi 18 hatembei, au hana hata neno moja, au haonyeshi kitu kwa kidole, mpelekeni kwa mtaalamu. Asipogeuka mkimwita jina, msisubiri umri huo. Aanze kupimwa masikio. Na kubwa kuliko yote: akipoteza alichokwisha kukijua, alikuwa anasema akaacha, alikuwa anacheza nanyi akajitenga, nendeni wiki hiyohiyo. Mtu akiwaambia "ngojeni, atasema tu," msimsikilize, hata kama ni mimi. Tatizo likigunduliwa mapema, msaada unafaa zaidi.

Kliniki ijayo nenda wewe mwenyewe pamoja na mkeo. Usimwachie aende peke yake akarudi na lawama peke yake. Ulizeni maswali yote, muonyeshwe mstari wa mtoto kwenye kadi, kisha mnipigie mniambie amefika kilo ngapi. Wanaomsema mkwe wangu wapeni namba yangu, nitazungumza nao.

Msalimie sana, na mbusu mjukuu wangu.

Baba yako