Jina lako nililichagua kwa woga

Mwanangu mpendwa,

Ulipozaliwa, mama yako alitaka upewe jina la bibi yako. Nilikataa, nikasema tutafute jipya, na wote wakadhani ni matakwa yangu tu. Kumbe jina la bibi linaanza na K, na K ndiyo herufi inayonikaba koo tangu utotoni. Niliogopa nitasimama mbele za watu nishindwe kumtaja mtoto wangu mwenyewe. Lako linaanza na sauti laini. Ndivyo ulivyolipata.

Hukujua kwamba baba yako ana kigugumizi. Wanaojua ni wachache mno, maana nimekificha maisha yangu yote. Nikiliona neno gumu linakuja, nalikwepa kwa kisawe chake. Nikikosa kisawe, nakohoa au najifanya nimesahau nilichotaka kusema. Simu zikilia namwachia mama yako. Kwenye vikao, watu wakianza kujitambulisha mmoja mmoja, natoka nje kabla ya zamu yangu, kwa sababu jina la mtu halina kisawe. Watu husema mimi ni mkimya. Mimi si mkimya, mwanangu. Nina mengi ya kusema.

Kisha nawe ukaanza, ukiwa na miaka 4. Kwanza ulirudiarudia silabi ya mwanzo, baadaye ukawa unavuta sauti, mwishowe ukaja ule ukimya ambao mdomo uko tayari na sauti haitoki. Niliutambua papo hapo. Nikafanya jambo lile lile nililolichukia nilipokuwa mtoto: nikawa nakumalizia maneno. Nikawa nakwambia, "Polepole, vuta pumzi kwanza." Nisamehe. Najua mtu akiambiwa hivyo anachosikia ni kwamba habari yake haisikilizwi, kinachosikilizwa ni ulimi.

Nilijilaumu pia. Zamani wapo wataalamu walioamini kwamba wazazi ndio wanaoleta kigugumizi kwa kukishupalia. Utafiti umeikataa hoja hiyo. Kinahusiana na jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Si uzembe, wala si upungufu wa akili. Na woga si mzazi wake. Woga huja baadaye, ukizaliwa na kukwama kwenyewe. Katika watoto 100, kama 5 hupitia hali hii na kwa wengi wao huisha. Kwa watu wazima hubaki karibu mtu 1 kati ya 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake, kwa hiyo huenda hujawahi kukutana na msichana mwingine anayekwama kama wewe.

Nilingoja kikuache. Sasa una miaka 15, na juzi mgeni alipokuuliza ungependa kusomea nini, ukasema, "Sijui." Unajua vizuri sana, umeniambia mara nyingi. Nikaona macho yako yanavyotafuta neno jepesi, nikajiona mwenyewe.

Kwa ajili hiyo nilikwenda mahali bila kukuaga. Kuna kikundi cha watu wenye kigugumizi wanaokutana mara moja kila mwezi. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Ndani walikuwa watu tisa. Kijana mmoja alikwama kwenye neno lake la kwanza, taya likitetemeka, na hakuna aliyeinamisha macho wala kumsaidia. Walingoja. Alipomaliza, walijibu alichokisema, basi. Nina miaka 47 na nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo.

Baadaye tulisoma ukurasa mmoja kwa pamoja, na sauti zote zikateleza bila kukwama, yangu pia. Tukanyamaza mmoja mmoja mpaka akabaki msomaji mmoja, na kigugumizi chake kikarudi pale pale. Mama mmoja alisema siku hizi hujikwamisha kwa makusudi anapopiga simu, ili kile anachokiogopa kiwe kimeshatokea. Halafu ikafika zamu yangu ya kujitambulisha. Nilikwama vibaya. Nikalisema jina langu lote.

Sikudanganyi kwamba kikundi ni tiba. Ukitaka mtaalamu wa usemi tutamtafuta, naye atakufundisha mbinu. Ila mbinu hizo utazijaribu wapi, kama kila penye watu unasema "sijui"?

Tarehe 22 Oktoba ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu kigugumizi, huadhimishwa tangu 1998. Kikundi kitakuwa na mkutano wa wazi, na vijana wa rika lako watakuja, wasichana wakiwemo. Sikulazimishi, na ukija si lazima useme lolote. Nitakuwekea kiti kando yangu.

Wameniomba nizungumze kuhusu familia yangu. Nitaanza na bibi yako, kwa jina lake.

Baba yako